Krismasi Mombasa na Mnyama Wako: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Vyakula vya Hatari

Kila ifikapo tarehe 20 Desemba simu yangu haitulii. Anapiga jirani wa hapa Kisauni, anapiga jamaa wa Likoni, anapiga mtu niliyesoma naye ambaye sasa yuko Mtwapa. Wote wana swali moja: mbwa au paka amekula kitu, je, atapona? Mimi si daktari wa mifugo. Nimefuga wanyama tangu utotoni, nimekaa kwenye mabenchi ya kliniki mara nyingi, na madaktari nimewauliza maswali mpaka wakanizoea. Haya ndiyo majibu ninayoyarudia kila mwaka. Nimeyaandika kwa sababu karibu wanyama wote niliowaona wakiugua Krismasi hawakuiba chakula. Walipewa kwa mkono, na mtu anayewapenda.

Mbwa wetu amekula mabaki ya mezani miaka yote na yu mzima. Krismasi ina nini?

Siku za kawaida mabaki ni kidogo: ugali, kichwa cha samaki, mchuzi uliobaki sufuriani. Krismasi nyumba ina wageni kumi na watano, na kila mmoja anamtupia kipande kimoja tu. Hakuna anayehesabu. Jioni mbwa wa kilo 12 amekwisha kula ngozi za kuku, mafuta ya mbuzi, keki yenye zabibu na mifupa, na kila mtu ataapa kwamba alimpa kidogo.

Halafu kuna vyakula visivyoingia nyumbani ila mwisho wa mwaka, kama chokoleti za zawadi, keki za matunda na makadamia kutoka bara. Mbwa aliyezoea ugali na dagaa hajapata kukutana navyo, nasi tunaompa hatujui vinamfanya nini.

Nyama ya pilau nikiisuuza viungo, si itakuwa salama?

Haitakuwa. Tatizo kubwa la pilau na biriani si pilipili wala bizari, ni vitunguu. Kitunguu maji na kitunguu thomu vina kemikali zinazovunja chembe nyekundu za damu za mbwa na paka. Kuvipika hakuondoi sumu hiyo, na kuvikausha au kuvikaanga kunaifanya iwe nzito zaidi, kwa kuwa maji yametoka na kilichobaki ni kitunguu chenyewe. Vile vitunguu vya biriani vilivyokaangwa vikawa rangi ya kahawia ndivyo vya kuogopa kuliko vyote. Nyama iliyopikwa navyo imekwisha kunywa rojo. Maji ya bomba yatasuuza nje tu.

Paka ndiye anayeumia upesi. Gramu 5 za kitunguu kwa kila kilo ya mwili wake zinatosha kumdhuru. Kwa hiyo paka wa kilo 4 anahitaji gramu 20 tu, ambazo hazifiki hata kitunguu kimoja kidogo. Mbwa huvumilia zaidi, lakini naye huanza kudhurika kwenye gramu 15 hadi 30 kwa kilo. Kitunguu thomu kina nguvu kuliko kitunguu maji.

Kinachowadanganya watu ni kwamba hakuna kinachoonekana siku hiyo. Paka wa jirani yangu alilamba sinia la biriani tarehe 25, na mpaka tarehe 27 alikuwa anaruka ukuta kama kawaida. Tarehe 29 alilala chini ya kitanda, akakataa kutoka. Tulipomfunua mdomo ufizi ulikuwa mweupe kama karatasi, na mkojo wake ulikuwa rangi ya chai ya rangi. Alipona, lakini ilibidi aongezwe damu.

Mbona unasema ukwaju ni hatari? Hata watoto wanakunywa.

Watoto ni watu. Mbwa ni kitu kingine.

Kwa miaka mingi madaktari walijua kwamba zabibu, mbichi na kavu, huharibu figo za mbwa, ila hawakujua ni kitu gani ndani ya zabibu. Mwaka 2021 madaktari wa kituo cha sumu za wanyama nchini Marekani walieleza kwamba mshukiwa mkubwa ni asidi ya tatariki. Waliligundua hilo baada ya kuona mbwa waliokula unga wa asidi hiyo unaotumiwa kuokea keki wakiugua vilevile kama waliokula zabibu. Na ukwaju umejaa asidi hiyohiyo, ndiyo inayoupa ule ukali unaokunja uso.

Sasa itazame meza yetu ya Pwani: samaki wa kupaka, chatine ya ukwaju ya sambusa na bajia, juisi ya ukwaju kwenye jagi, viazi karai vya kuchovya. Ukiongeza zabibu kavu za biriani na za keki, utaona mbwa wa Mombasa yuko karibu na sumu hii kuliko mbwa wa mji mwingine wowote ninaoujua.

Hakuna kipimo cha zabibu kinachohesabiwa kuwa salama. Mbwa mmoja hula kiganja kizima asiugue, mwingine hula chache figo zikasimama. Kwa kawaida hutapika ndani ya siku moja, kisha huonekana amepata nafuu, na hapo ndipo watu wanapolala. Figo hulegea kati ya siku ya kwanza na ya tatu: anakunywa sana au hanywi kabisa, mkojo unapungua, mdomo unanuka vibaya. Usingoje dalili. Akila zabibu, pigia daktari saa hiyohiyo.

Chokoleti kipande kimoja itamuua?

Inategemea uzito wake na weusi wa chokoleti. Sumu yake inaitwa theobromini, na kadiri chokoleti inavyokuwa nyeusi na chungu ndivyo inavyozidi. Kwa mbwa wa kilo 10, dalili za mwanzo zinaweza kutokea akila kama gramu 100 za chokoleti ya maziwa, au gramu 40 za chokoleti nyeusi, au gramu 10 tu za unga wa kakao mtupu, ule wa kuokea. Ukizidisha mara tatu unaingia kwenye degedege na moyo kwenda mbio ovyo. Dalili huanza kati ya saa 2 na saa 12 baada ya kula: hatulii, anahema, anatapika, anakojoa mara kwa mara.

Mashapo ya kahawa na majani ya chai yaliyotupwa yana kafeini, ambayo ni ndugu ya theobromini. Birika la kahawa likimwagwa, limwagwe mahali asipofika.

Mifupa je? Mbwa aliumbiwa mifupa. Babu yangu hakuwapa kingine.

Hili ndilo ninalobishaniwa kila mwaka, na heshima zote kwa babu. Mfupa uliopikwa umekauka. Mbwa akiuvunja hautafuniki, unapasuka vipande vyenye ncha, na wa kuku ndio mbaya zaidi kwa kuwa ni mwembamba na una uwazi katikati. Vipande hivyo hukwama kooni, hutoboa utumbo, au hujikusanya nyuma vikawa kama saruji mpaka mbwa analia akijisaidia. Mbwa wa babu waliokufa porini nyuma ya shamba hakuna aliyewapasua kuona sababu.

Vijiti vya mishikaki navyo ni mifupa kwa mbwa, maana vimelowa mafuta na vinanukia nyama, naye humeza kizima. Usivitupe chini hata kimoja. Weka kopo kando ya jiko la makaa, na mtoto mmoja apewe kazi ya kuvihesabu.

Desemba embe zimejaa kila mahali. Mbwa wangu anazipenda. Nimkataze?

Nyama ya embe haina neno, ukimkatia vipande vichache. Kokwa ndiyo ya kuogopa.

Hili limenipata mwenyewe. Tulikuwa na mbwa mdogo mwenye masikio makubwa, tukimwita Popo. Siku ya Krismasi watoto walikaa uani na beseni la ngowe kutoka Kongowea, wakala, makokwa wakayarusha ukutani. Kesho yake Popo alitapika mara moja, nikasema ni joto. Siku ya tatu alikuwa anatapika hata maji. Mahali pa kwanza nilipompeleka walimdunga sindano ya kuzuia kutapika wakanirudisha nyumbani bila kumpapasa tumbo, nami sikuwauliza, jambo ninalolijutia hadi leo. Daktari wa pili aliminya tumbo taratibu, akanishika mkono akaniwekea vidole palepale. Nilihisi kitu kigumu, bapa, kama sabuni iliyokwisha. Jioni hiyo alipasuliwa. Kokwa iliwekwa kwenye bakuli la chuma ikalia kama jiwe, nyuzi za embe bado zimeishika, na utumbo ulioizunguka ulikuwa umegeuka zambarau. Popo aliishi miaka sita baadaye. Siku mbili zaidi, daktari alisema, asingeishi.

Gunzi la mahindi ni hivyohivyo, na lenyewe halionekani vizuri hata kwenye picha ya eksirei. Mahindi ya kuchoma mkinunua bustani ya Mama Ngina, magunzi rudini nayo au yatieni kwenye pipa lenye kifuniko. Kokwa za mabuyu ya rangi ni ndogo, lakini mbwa mdogo aliyekula pakiti nzima anaweza kuziba.

Mafuta ya nyama choma ndiyo wanayoyapenda. Kidogo tu?

Mafuta mengi kwa mara moja huweza kuwasha kongosho, kile kiungo kinachotoa maji ya kusagia chakula, mpaka kikaanza kujisaga chenyewe. Anatapika, anakataa kula, anainamisha kifua chini huku nyuma kumeinuka, kwa sababu tumbo linamkata. Si lazima iwe siku hiyo, inaweza kuwa kesho yake au keshokutwa. Mbwa wanene na waliozeeka hupatwa zaidi. Ngozi ya kuku wa kukaanga na mafuta ya mbuzi ni kundi moja. Machicha ya nazi si sumu, lakini yana mafuta, na beseni zima litamharisha.

Chingamu na peremende zisizo na sukari zina shida gani?

Zina shida kubwa. Nyingi zimetiwa utamu unaoitwa zailitoli. Soma paketi, huandikwa xylitol au namba E967. Mwili wa mbwa huudhania kuwa sukari, humwaga insulini kwa wingi, na sukari ya damu inaanguka, pengine ndani ya nusu saa. Anayumba, analegea, anapata degedege. Kiasi kikizidi, ini linakufa. Gramu moja inatosha kumwangusha mbwa wa kilo 10, na chingamu chache tu zinaweza kufika hapo. Siagi ya njugu nyingine nayo hutiwa zailitoli, kwa hiyo soma kabla ya kumpakia kidonge. Mikoba ya wageni iwekwe juu. Kila mkoba una chingamu.

Nimeacha unga wa mahamri uumuke usiku, asubuhi haupo. Mbwa amelala tumbo limejaa. Nimwache alale?

Usimwache hata dakika. Hamira haifi ikifika tumboni. Ndani ya mbwa kuna joto na unyevu, vitu ambavyo hamira inavitaka, kwa hiyo unga unaendelea kuumuka na tumbo linatanuka mpaka anashindwa kupumua. Isitoshe, hamira ikila sukari hutoa pombe, na mbwa analewa bila kuonja tone. Ukimwona anayumba si usingizi huo. Mwahishe kwa daktari.

Mnazi, bia na mvinyo: usimpe hata kama wageni watacheka. Mwili wa mbwa au paka ni mdogo, na pombe humshusha joto, pumzi na sukari ya damu.

Shemeji ameleta makadamia kutoka Murang'a. Na korosho zetu za Kilifi?

Makadamia ni sumu kwa mbwa. Ndani ya saa 12 miguu ya nyuma inalegea, anatetemeka, anapata homa. Wengi hupona kwa siku moja au mbili, lakini kumwona mbwa wako akijiburuta ni jambo la kutisha. Korosho si sumu, ni mafuta na chumvi tu.

Paka wangu anakula samaki tangu azaliwe. Kuna samaki wa kumkataza?

Bunju, yule samaki anayejivimbisha. Wavuvi wanamjua na humtupa ufukoni, na paka humwokota. Sumu yake hulemaza misuli, ya kupumulia ikiwemo, na haina dawa ya kuivunja. Ukinunua samaki wa mchanganyiko kwa ajili ya paka sikukuu, mwambie muuzaji waziwazi ni wa kula mnyama, asikutilie wasiojulikana.

Samaki wa kuchemsha bila chumvi, miba imetolewa, ni chakula kizuri. Wa kupaka hapana, kwa sababu ya vitunguu na ukwaju tuliokwisha kuuzungumza.

Mimi ni Muislamu, Krismasi si sikukuu yangu. Yanihusu nini?

Yakuhusu kwa sababu ya sahani. Sisi wa Mombasa twapelekeana chakula, Idi na Krismasi, na sahani ya pilau iliyofunikwa kitambaa ikifika mlangoni, paka wako ndiye wa kwanza kujua. Na paka wa vichochoro vya Mji wa Kale ni wa kila mtu na si wa mtu. Wanaishi kwa kile tunachokitoa nje. Ukitaka kuwafanyia hisani, wawekee vichwa vya samaki vilivyochemshwa na bakuli la maji safi. Mabaki yenye vitunguu na mifupa ya kuku yafungwe vizuri kabla ya kwenda jaa. Karatasi ya foili iliyonukia nyama nayo paka huimeza, na uzi wa kufungia zawadi ni hatari kuliko foili: ukiona uzi unatokeza nyuma ya paka usiuvute, unaweza kuukata utumbo kama msumeno. Mpeleke kwa daktari.

Chakula kilicholala nimpe mbwa badala ya kukitupa?

Desemba hapa ni kaskazi, na joto la mchana lapita nyuzi 30. Wali wa nazi uliokaa nje tangu mchana umechacha kabla ya isha. Kama wewe huwezi kuula, usimpe yeye. Chakula chenye kuvu ni kibaya zaidi, kwa sababu kuvu nyingine hutoa sumu inayomtetemesha mnyama mwili mzima. Unga wa mahindi wenye kuvu usimpikie hata ukiuchekecha. Sumukuvu haiondoki kwa kuchemsha, na ndiyo iliyoua watu 125 Ukambani mwaka 2004. Mbwa wana maini dhaifu zaidi mbele ya sumu hiyo.

Tuna sungura, ndege na mbuzi mmoja. Nao?

Parachichi usiwape wote watatu. Ndege ndio wanaokufa upesi kwalo, moyo husimama. Chokoleti na chumvi ndege asionje. Mbuzi usimmwagie wali, mikate na mahindi kwa mpigo, kwani nafaka nyingi za ghafla huchachuka tumboni akavimba. Mpe majani yake.

Amekwisha kula. Nifanye nini sasa hivi?

Mwondolee kilichobaki, kisha piga simu kwa daktari wa mifugo kabla ya kumpa kitu chochote. Daktari atauliza amekula nini, kiasi gani, saa ngapi, na ana kilo ngapi. Kama hujui kilo zake, simama kwenye mizani naye mikononi, kisha simama peke yako, utoe. Hifadhi paketi. Akitapika, piga picha.

Maziwa, mayai mabichi, mafuta ya kupikia na mkaa wa jikoni haviondoi sumu. Mafuta yanaweza kuingia kwenye mapafu akafa kwa hayo badala ya kile alichokula. Maji ya chumvi ya kumtapisha huwa sumu ya pili. Kumtapisha ni kazi ya daktari, na hufaa zaidi ndani ya saa mbili za mwanzo, ndiyo sababu nakuhimiza usisubiri. Aliyemeza kijiti, mfupa wenye ncha au mafuta ya taa hatapishwi kabisa.

Na nakuomba, usimpe paracetamol. Kidonge kimoja kinatosha kumuua paka: damu yake inashindwa kubeba hewa, ufizi unageuka rangi ya udongo, uso unavimba. Dawa za maumivu za watu, zote, ziache kabatini.

Kliniki zinafungwa sikukuu. Nijipange vipi?

Tarehe 25 na 26 zote ni mapumziko, kwa hiyo tafuta namba mapema. Mpigie daktari wako wiki moja kabla umuulize kama atakuwepo, na kama hayupo akutajie mwenzake aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Mtu wa Likoni asitegemee kliniki ya kisiwani peke yake. Foleni ya feri siku ya Krismasi unaijua, na mbwa mwenye degedege hawezi kuingoja. Awe na namba ya upande wa kusini pia. Mkienda ushago na mbwa abaki na mlinzi, mwachieni mlinzi namba hizo na pesa ya tuktuk mkononi, kwani hatatoa mfukoni mwake kwa mbwa wa mwajiri, wala si haki kumtaka atoe.

Basi nimpe nini naye asikie sikukuu?

Mgawie kabla hujaunga. Nyama ikishachemka kwa maji matupu, kabla ya vitunguu, chumvi na thomu kuingia, mtolee vipande bila ngozi wala mfupa. Ongeza boga la kuchemsha au karoti, wali mweupe kidogo. Vya ziada visipite sehemu moja ya kumi ya chakula chake cha siku. Mimi huvitia kwenye bakuli dogo la plastiki mezani, na mgeni anayetaka kumpa mbwa namwelekeza humo. Wageni hawaudhiki, watoto wanafurahi, na bakuli likiisha limeisha.

Nimwangalie kwa siku ngapi baada ya sherehe?

Chokoleti ikipita siku moja bila dalili umevuka. Zailitoli inaweza kuonekana kwa sukari mapema na kwa ini baada ya siku mbili tatu. Zabibu na ukwaju, siku tatu za kupima mkojo. Vitunguu, wiki nzima ya kutazama ufizi kila asubuhi. Kokwa ndiyo haina tarehe, kwani huweza kukaa tumboni wiki kadhaa ikizunguka kabla ya kuziba, kwa hiyo mbwa akianza kutapika katikati ya Januari mwambie daktari kwamba Krismasi mlikula embe.